Maski moja ya nebulaiza, wodi nzima: haya makao ya wazee Nakuru yanatuchezea

Wadau niko na hasira hadi mikono inatetemeka, mnisamehe nikiruka ruka.

Mathe ako kwa makao ya wazee upande wa Lanet, jina sitaji. Sisi huenda Jumapili, na Jumapili wanajua tunakuja, sakafu inang'aa, shuka zimenyooshwa, kila mahali inanukia dawa. Sasa jana nilikuwa natoka Gilgil na mzigo nikaamua kupitia bila kupiga simu. Nikapata sista anavua shosho wa kitanda cha pili maski ya nebulaiza (ile mashine ya kugeuza dawa ya kifua kuwa ukungu wa kuvuta), akaipanguza na aproni, ile ile ya kuogeshea wazee, akamvalisha mathe. Nikamuuliza, sista kwani hii ni ya nani? "Ni ya wodi, boss, zingine zimeharibika." Ya wodi?? Hiyo mashine nilinunua mimi 4,500 na jina la mathe liko hapo nyuma kwa plasta! Kikombe cha dawa kilikuwa na utelezi ndani. Hicho kitu ukimaliza kutumia unakitenganisha, unaosha na maji ya moto na sabuni, unasuuza, unaacha kikauke juu ya kitambaa safi, basi. Kikibaki na unyevu bakteria zinamea humo alafu mgonjwa anazivuta hadi kwa mapafu. Na maski haiazimwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Sikilizeni hii sasa. Nimekuwa nikijiuliza mbona kifua cha mathe kinabana kila asubuhi na nyumbani haikuwa hivyo. Nikakaa hadi jioni nikaona vile wanaosha komodi, kile kiti cha choo cha kando ya kitanda: mkojo bado uko kwa ndoo, mtu anamwagia Jik kavu bila maji, hapo hapo kando ya kitanda, madirisha yamefungwa. Jik ikikutana na mkojo inatoa gesi ya kuchoma macho na koo, mimi mwenyewe nilikohoa hadi nikatoka nje. Yaani wanamziba kifua na Jik kisha wanamzibua na maski ya jirani! Na hiyo Jik wala haisafishi, uchafu unaimaliza nguvu, unafaa umwage kwanza, usugue na sabuni, usuuze, ndio upake Jik ya kuchanganya, moja kwa maji sita, ikae dakika 10.

Kiti cha magurudumu sitaki hata kuanza. Sponji imepasuka, inanuka, uji umekaukia kwa breki.

Lakini yenye ilinitoa jasho ni kalamu ya kudunga kidole ya kupima sukari. Moja, wazee wote. Ati "tunabadilisha sindano". Damu si inabaki pale mdomoni mwa kalamu, na virusi vya hepatitisi B, ule ugonjwa wa ini, vinakaa hai kwa damu iliyokauka hata siku 7. Mathe hudungwa asubuhi na jioni. Wiki hii nampeleka apimwe damu.

Nikaingia ofisi. Madam anasema maji ilipotea wiki mbili. Sawa, maji Nakuru hupotea, sote tunajua, ila ya kuosha sakafu Jumapili ilitoka wapi? Na kwa invoisi kuna 1,500 ya "usafi na vifaa" kila mwezi, bila kukosa. Wale wasichana siwalaumu sana, usiku ni wawili na wazee ni 18, glavu wanahesabiwa kama peremende. Nikamtajia kifungu cha 57 cha katiba, wazee waishi kwa heshima, akacheka, akaniambia "kama hatutoshi, mchukue". Mathe ana miaka 81, mguu mmoja hausimami, mimi nashinda barabarani na pikapu, mke wangu ako Kisumu kikazi. Huyo mama anajua vizuri sina pa kumpeleka.

Leo asubuhi nimepeleka maski mpya, kalamu yake ya sukari na sanduku la kufuli, ufunguo uko shingoni kwa mathe. Kama mzazi wako ako kwa haya makao nenda siku ya kazi, usipige simu. Shika breki ya kiti chake alafu unuse mkono.