Mapambo ya unga na chumvi yanapasuka na harufu inaisha mapema, naombeni ushauri

mama_nyota: Wakuu habari zenu. Krismasi hii nataka mapambo yote ya mti tutengeneze wenyewe nyumbani, zile nyota na mioyo za unga na chumvi zenye mdalasini ndani, watoto wanapenda sana kukata maumbo na mimi natamani sebule inukie mpaka mwaka mpya. Shida yakitoka kwenye oveni yana nyufa, mengine yamejikunja, alafu harufu siku mbili tatu haipo. Vipimo ni unga vikombe 2, chumvi 1, maji karibu 1, mdalasini kijiko 1 cha chakula. Niongeze manukato au nibadili donge lenyewe?

fundi_mikono: Dada vipimo vya unga na chumvi viko poa usiviguse, punguza moto. Weka digrii 100 mpaka 120 uyaache masaa mawili matatu, maana moto ukiwa mkali juu panakauka ndani bado kubichi, hapo lazima ipasuke. Halafu unene uwe sawa kote, nusu sentimita hivi, pembeni pakiwa pembamba panawahi kukauka ndo panajikunja. Yageuze katikati ya muda. Tundu la uzi toboa na mrija kabla hujayaingiza.

karafuu_tupu: Mi naongelea harufu. Kijiko kimoja kwenye unga wote huo kinatoa rangi tu bibie! Na mafuta ya mdalasini yenyewe yanaruka na joto, kwa hiyo oveni nayo inakula harufu yako. Kama unataka inukie kweli achana na unga, chukua mdalasini wa kusaga kikombe kimoja, tofaa zilizochemshwa zikapondwa bila sukari kikombe pungufu kidogo, na gundi nyeupe vijiko viwili. Mwanzoni litaonekana kavu linamomonyoka, usikimbilie kuongeza maji, endelea kuliminya na kiganja mpaka lishikane. Wakati wa kusukuma nyunyiza mdalasini chini, ukinyunyiza unga yanabaki na mabaka meupe. Kausha kwenye hewa siku moja mbili huku unageuza.

mama_nyota: Asante sana karafuu_tupu, hii naijaribu. Vanishi nipake?

karafuu_tupu: Hayo ya mdalasini usipake, vanishi inaziba harufu. Ikififia sugua mgongo wa pambo na msasa laini, inarudi.

fundi_mikono: Ila ya chumvi paka, tena mbele na nyuma, chumvi inavuta unyevu wa hewani yanalainika. Yawe yamekauka kabisa kwanza, ukiwahi yanaota ukungu.

bwana_paka: Kama kuna mbwa nyumbani tundika juu asikofika jamani, chumvi ya humo ni nyingi akila inaweza kumuua. Na watoto wasipulize ule unga wa mdalasini, ukiingia kifuani unawasha vibaya.

mama_nyota: Mbwa tunaye, umenisaidia sana kaka. Swali la mwisho, nina mdalasini umekaa kabatini muda mrefu, unafaa?

karafuu_tupu: Usugue kwa vidole unuse, kama hausikii kitu saga mpya. Unaweza kuongeza karafuu ya kusaga pia lakini kijiko kimoja tu kwa hicho kikombe, ikizidi hutasikia mdalasini tena.