MREJESHO: Nimepata chumba Iringa

Habari zenu wakuu. Niliomba ushauri baada ya kukosa hosteli ya chuo, huku dalali akitaka kodi ya miezi sita kabla bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) halijaingia. Asanteni sana. Aliyeniambia nimfuate mjumbe wa nyumba kumi, Mungu akubariki: alinipeleka mwenyewe kwa mama mmoja Kihesa, tukakubaliana miezi mitatu mitatu na mkataba tukaandikishana mbele ya mjumbe. Kodi nachangia na mwenzangu wa darasani.

Ushauri wa submita (mita ndogo ya umeme ya kila mpangaji) umegonga mwamba. Mama amekataa, LUKU (umeme wa kulipia kabla) tunachanga wapangaji wote, na mwenye jiko la umeme analipa sawa na mwenye taa moja. Inaniuma kweli.

Mnaokuja, bebeni blanketi zito. Baridi ya Juni na Julai huku ni kali.