Je, mvua iliyopimwa kwa siku inatosha kueleza mafuriko ya ghafla milimani?

Kijito_Kikavu:
Habari zenu wanajukwaa. Ninachunguza bonde dogo la milimani lenye kilomita za mraba 24 na miteremko mikali. Lina kipima mvua kimoja tu, ambacho kipo chini bondeni na husomwa mara moja kila asubuhi. Siku ya mafuriko kilionyesha milimita 90, lakini nilipoingiza kiasi hicho katika HEC-HMS, programu ya kukokotoa mtiririko wa mto kutokana na mvua, kilele cha mtiririko kilikuwa kidogo mno kikilinganishwa na alama za maji zilizobaki kwenye miamba. Tatizo ni modeli, au ni mvua yenyewe? Na je, takwimu za setilaiti zinaweza kusaidia?

Mpimamaji:
Ndugu, anza na mvua kabla hujaigusa modeli. Bonde la ukubwa huo likiwa na miteremko mikali humaliza kukusanya maji yake kwa saa chache tu, kwa hiyo kinachoamua kilele si jumla ya siku nzima bali ni kiasi kilichonyesha ndani ya muda huo mfupi. Tumia hesabu ya haraka ya Q = CiA/3.6 (wahandisi watanisuta, kwani inafaa zaidi mabonde madogo kuliko hilo), ambapo Q ni kilele cha mtiririko, C ni sehemu ya mvua inayotiririka, i ni milimita za mvua kwa saa na A ni eneo kwa kilomita za mraba, na uchukulie kwamba nusu ya mvua hutiririka. Milimita 90 zikinyesha sawasawa kwa saa 24 utapata mita za ujazo 12.5 kwa sekunde. Zikinyesha zote kwa saa mbili utapata 150. Kipima mvua chako kitaandika 90 katika hali zote mbili.

Mahali kilipo nako kuna shida. Tarehe 31 Julai 1976, katika korongo la Big Thompson huko Colorado, Marekani, mvua ya radi ilikaa juu ya milima bila kusogea, ikamwaga takriban milimita 300 kwa saa chache, ilhali sehemu ya chini ya korongo ilipata mvua kidogo tu. Watu zaidi ya 140 walikufa.

Mawingu_Mazito:
Kuhusu setilaiti, usitarajie makubwa. IMERG, yaani makadirio ya mvua ya NASA yatokanayo na setilaiti, hutolewa kwa kila nusu saa, lakini kila mraba wake una upana wa takriban kilomita 11 karibu na ikweta, yaani ni mkubwa mara tano kuliko bonde lako lote. CHIRPS, makadirio mengine yanayochanganya setilaiti na vipima mvua, ina miraba midogo zaidi, ila takwimu zake za msingi si za saa, hivyo zinakurudisha palepale ulipo. Isitoshe, mvua inayotokana na upepo wenye unyevu kupanda mlima mara nyingi hukadiriwa pungufu, kwa kuwa vihisi vya mawimbi ya maikrowevu, vinapopita juu ya nchi kavu, hutegemea zaidi barafu iliyo juu mawinguni, na mawingu hayo yanaweza kuwa na barafu kidogo. Mimi ningeitumia IMERG kujua mvua ilianza na kukoma lini, kisha nigawanye milimita za kipima mvua kwa kufuata mtawanyiko huo.

Tope_na_Mawe:
Nakubaliana na waliotangulia, lakini nisingeiachia modeli haraka hivyo. Ukitumia njia ya SCS ya “curve number”, yaani namba inayoonyesha ardhi inaachia kiasi gani cha mvua kitiririke (kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo mtiririko unavyozidi), milimita 90 juu ya ardhi yenye namba 75 hutoa mtiririko wa milimita 34 hivi. Ardhi hiyohiyo ikiwa imeshiba maji kwa mvua za siku zilizotangulia, namba hupanda hadi 88 na mtiririko hufika karibu milimita 59. Kwa hiyo, angalia mvua ya siku tano za nyuma kabla ya kuchagua namba.

Halafu zikague hizo alama za miamba, maana nazo ni kipimo chenye makosa yake. Kama mto ulibeba mawe na tope kwa wingi, au ulizibwa na magogo kisha ukazibuka kwa kishindo, maji yalipanda juu kuliko ambavyo mvua peke yake ingeyafikisha, na modeli ya maji matupu haitafika hapo hata ukiilazimisha. Pima mikato ya mto mahali palipo na mwamba usiochimbika, ukokotoe mtiririko kwa fomula ya Manning (hutumia umbo, mteremko na ukwaruzo wa mto), na uandike kiwango cha chini na cha juu badala ya namba moja.

Kijito_Kikavu:
Nashukuru sana. Magogo yalikuwepo, mengi, juu kidogo ya mahali nilipopimia. Nitapima upya juu ya kizuizi hicho, kisha nijaribu mvua ya saa mbili, tatu na sita kwa namba zote mbili.