Tupeane uzoefu: mliosoma makala za Kiingereza kwa vikundi chuoni, mlifanyaje?

Wakuu, habari za jioni. Nasimamia semina za mwaka wa kwanza. Wengi walisoma msingi kwa Kiswahili, sekondari wakabadilishiwa lugha, na sasa wanapewa makala nzito ya Kiingereza waje nayo semina. Wanakaa vimbwetani, zile meza na viti vya zege vya nje chuoni, lakini anayesoma ni mmoja, wengine wanasubiri awaambie. Inaniuma, maana vijana wana akili. Naipenda mbinu ya kusoma kwa kikundi ya watafiti Palincsar na Brown ya mwaka 1984: mnabashiri kinachokuja, mnaulizana maswali, mnafafanua palipo pagumu, mnafupisha, na uongozi unazunguka. Wao waliijaribu kwa watoto wa shule Marekani. Nyie wa chuo kikuu mlifanyaje?

Sosholojia, Dar es Salaam
Mwalimu, kwetu huji kimbwetani hujasoma. Kutoelewa ruksa, ila penseli iwe imepita kila ukurasa. Kuna siku tulikuwa na makala ya vijiji vya ujamaa. Aya mbili za mwanzo zinasifu watu kuhamishiwa vijijini, nusu ya kundi wakasema basi mwandishi anaunga mkono. Dada mmoja, mkimya kweli, akatuwekea kidole aya ya tatu: hapo ndipo mwandishi anaanza kuongea mwenyewe, kule juu alikuwa anapanga hoja za anaotaka kuwapinga. Ikabidi tusome upya kwa sauti, aya kwa aya. Tangu siku hiyo, kabla mtu hajakimbilia kamusi, tunaulizana kwanza: hapa anayesema ni nani? Imenisaidia mpaka kazini.

Uuguzi, mwaka wa tatu
Mjihadhari na kugawana sura halafu mkabadilishana muhtasari. Kila mtu anabaki anajua ya kwake tu, pepa ikija ni majanga. Sisi bado tunagawana, ila anayeeleza anafunga daftari na wengine wanambana kwa maswali mpaka kieleweke. Usipoielewa sura yako utajulikana dakika hiyohiyo, kwa hiyo unapiga msuli kabla.

Kutoka Bujumbura, nasoma Kampala
Mie shule nimesoma kwa Kifaransa. Kwenye maandishi sikupata shida sana, kazi ilikuwa kusema. Kundi letu lina Wakongo na Watanzania, tunabishana kwa Kiswahili, halafu mmoja anatoa muhtasari kwa Kiingereza na tunamsahihisha akishamaliza. Akikatizwa katikati, wiki ijayo haji.

Sheria, Mzumbe
Hapo kwenye Kiswahili napingana na ndugu yangu. Mtihani ni Kiingereza, mazoezi yawe Kiingereza tangu mwanzo.

Sosholojia, Dar es Salaam
Mkuu, ukilazimisha Kiingereza tangu mwanzo wanaongea wale wawili waliotoka shule za inglishi midiamu, basi. Yule dada wa aya ya tatu asingefungua mdomo.

Uuguzi, mwaka wa tatu
Naunga mkono. Na msizidi watano. Kundi likiwa kubwa kuna watu wanajificha.

Mleta mada
Asanteni sana. Jumatatu nawagawa wannewanne, wabishane kwa lugha wanayoitaka, muhtasari uwe wa Kiingereza na daftari zimefungwa. Wenye uzoefu wa kundi ambalo mmoja haji kabisa, endeleeni kushusha, hilo bado linanisumbua.