Tupeane uzoefu: ubao wa mfenesi katika useremala wa nyumbani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Tumezoea kuuhesabu mfenesi kuwa mti wa matunda tu, na unapozeeka au kuangushwa na upepo wengi wetu huukata kuni, ilhali kiini chake, yaani ubao mgumu wa katikati ya gogo, ni miongoni mwa mbao bora tulizonazo Unguja na Pemba, na baadhi ya milango ya Mji Mkongwe imechongwa kwa ubao huo. Mimi huutumia kwa rafu na meza ndogo. Ukipasuliwa, kiini hutoka na rangi ya manjano kama bizari, na kadiri kinavyopata mwanga ndivyo kinavyokolea hadi kuwa cha hudhurungi; kwa hiyo siafiki kabisa kuupaka rangi, kwani msasa laini na mafuta vinatosha. Mliowahi kuufanyia kazi, tafadhali tuelezeni.

Mchangiaji, Wete:
Umesema kweli, shekhe. Gogo bichi lina utomvu unaonata kwenye meno ya msumeno, nasi huupangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kila unapoanza kukwama. Ubao mweupe wa nje tunauondoa wote, kwa sababu mchwa na dumuzi huanzia huko, wakati kiini huwastahamilia. Lakini kazi kubwa ni kukausha. Mbao za unene wa inchi 1 zinahitaji takriban mwaka 1 kivulini, zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti vinavyolingana unene ili hewa ipite pande zote, na ncha zake zimepakwa rangi ili zisipasuke. Anayezianika juani kwa haraka ya kuuza anamdhulumu mnunuzi, maana zitapinda zikiwa tayari ndani ya nyumba.

Mchangiaji, Mji Mkongwe:
Fundi aliyetutengenezea mlango alikata sehemu ya chini ya mwimo (nguzo ya fremu ya mlango) iliyooza kwa maji ya mvua, akaunga kipande cha kiini cha mfenesi. Nyuzi za kipande kile zilikuwa zimepishana, randa ikawa inachimbua. Akainoa upya, akaurudisha ndani kidogo ulimi wake, yaani chuma kinachokata, hadi maranda yakatoka membamba, na palipokaidi akageuza upande wa kuranda. Matundu ya skurubu aliyatoboa kwanza kwa keekee, chombo cha kutobolea mbao. Naomba kaka wa Wete atujuulishe: kwa mwimo unaopigwa na mvua, mnapaka mafuta gani, na kila baada ya muda gani?