Mtoto aliungua na mawese, sasa kalegea. Ni kinga imeshuka?

Mama_Ujiji: Wakuu, habari za jioni. Mtoto wa mdogo wangu, miaka 3, alimwagikiwa na mawese ya moto, yakamuunguza tumbo na mapaja. Alilazwa, akaruhusiwa, sasa tunampeleka kusafishwa kidonda. Wifi anasema aliyeungua kinga hushuka, kila ugonjwa unampata. Ni kweli? Jirani kaleta vidonge vya amoksilini vilivyobaki kwao, nimpe? Leo bandeji ina usaha wa kijani, na mtoto kalala mchana kutwa, hata uji kaukataa.

Kibirizi_Boy: Pole sana dada. Pakeni asali, huku ziwani ndiyo dawa yetu.

Nesi_Mwanga: Dada, asali acha, vidonge acha, mpelekeni hospitali usiku huu huu. Usaha wa kijani mara nyingi ni bakteria aitwaye sudomonasi, na amoksilini haimwezi. Kulala kutwa na kukataa kula kunanitisha zaidi ya kidonda chenyewe, maana huenda maambukizi yameingia kwenye damu. Msisubiri homa, mwingine mwili unakuwa wa baridi. Tazameni kama anahema haraka au mkojo umepungua.

Wifi yako kasema kweli. Ngozi ndiyo kinga ya kwanza, na pale ilipoungua vijidudu vina njia wazi. Tena, mtu akiungua sehemu kubwa, kinga ya mwili mzima huvurugika: mwanzoni hupanda kwa fujo, kisha huchoka. Chembechembe nyeupe zinaweza kuonekana nyingi kwenye kipimo, lakini kazi ya kuua bakteria haziifanyi sawasawa. Kiganja cha mtoto pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Je, aliungua viganja vingapi?

Mama_Ujiji: Vinapita kumi, dada yangu. Tumeita bajaji. Akipata nafuu tumlishe nini?

Nesi_Mwanga: Basi ameungua sehemu kubwa kwa mtoto. Mwili wake unatumia nguvu nyingi na protini inavuja kidondani, kwa hiyo mayai, maziwa, maharage, dagaa mliosaga kwenye uji, kidogo kidogo mara nyingi. Bebeni kadi ya kliniki waangalie chanjo ya pepopunda. Mkifika msikae foleni. Mwambieni muuguzi wa kwanza mtakayemwona: mtoto aliyeungua, usaha wa kijani, kalala kutwa.