Oili ya difu za 6x4: nibaki na 85W-140 au nihamie 75W-90 sinthetiki?

MzigoKusini
Wakuu habari za asubuhi. Nina vichwa viwili vya 6x4 (ekseli mbili za nyuma zote zinasukuma), Jumatatu vinaingia gereji kumwaga oili ya difu, yaani gia za ekseli za nyuma. Siku zote naweka 85W-140 ya kawaida. Muuza vilainishi ananishauri nihamie 75W-90 sinthetiki, anasema inakaa muda mrefu kabla ya kumwaga tena na dizeli inapungua kidogo. Bei yake ni zaidi ya mara mbili. Nimepiga hesabu ya madumu manne ya lita 20 kwa gari zote. Nichukue ipi? Nanunua Jumamosi.

FundiMakambako
Mkuu, 6x4 peke yake haitoshi. Gari gani? Difu ya kawaida au ina gia kwenye habu? Zimetembea kilomita ngapi tangu umwage? Unabeba nini na unapita wapi?

MzigoKusini
Samahanini. Moja ni Howo 371, nyingine Scania R420. Zote Dar hadi Lubumbashi, kwenda kontena, kurudi shaba. Scania imetembea kama kilomita 90,000. Howo niliinunua kwa mtu mwaka jana, sijaigusa difu tangu hapo.

FundiMakambako
Sawa, sasa tunaongea. Namba yenye W ni ya baridi. 75W imepimwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, 85W kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri. Hata hapa kwetu mwezi wa saba hatufiki huko, kwa hiyo usilipie hiyo. Namba ya pili ndiyo inayokuhusu, ni uzito wa oili, yaani ugumu wake wa kutiririka, ikiwa imepata moto wa nyuzi 100. Ya 140 utando wake kati ya meno ni mnene kuliko wa 90. Sinthetiki faida yake ni kwamba haizilemei gia kwa uzito, na haiungui haraka, ndiyo maana inakaa muda mrefu.

Scania soma kitabu chake, na kwenye dumu tafuta maandishi STO 1:0, ndiyo alama ya kiwango cha Scania. Howo yako fungua kwanza uone kilichomo kabla ya kuamua. Na kama ina gia kwenye habu, hizo nazo zina oili na nati zake za kumwagia. Umezihesabu?

MzigoKusini
Habu sikuzihesabu kabisa. Fundi wangu hajawahi kunitajia.

TingoMstaafu
Basi kama Howo ina gia kwenye habu, huenda zote nne hazijaguswa tangu mwenye gari wa kwanza. Zimwage leo leo, usingoje Jumatatu. Tairi inageuzwa mpaka nati ya habu ikae chini kabisa, unamwaga, halafu unageuza mpaka kwenye alama ya kujazia.

Kuhusu oili, mimi ni 140 tu. Miaka yote niliyopanda mlima Kitonga na kontena nilitumia 140, na difu zangu zilikuwa kimya. Sinthetiki kwenye gari lenye sili za zamani inatafuta upenyo inavuja.

BintiWaMbozi
Mzee shikamoo, lakini hapo kwenye sili nakupinga. Mimi nilihangaika na kuvuja kwa miezi mitano na oili yangu ilikuwa 140 hiyo hiyo.

Gari lilianza kulowanisha tairi ya nyuma kulia. Gereji ya kwanza ikabadilisha sili ya habu. Safari moja tu, ikavuja tena. Gereji ya pili ikabadilisha sili na beringi, ikavuja. Kila mtu alilaumu sili ya mwenzake. Safari ya tatu dereva anarudi na shaba, anateremka Kitonga, akasikia breki za nyuma hazishiki upande mmoja na harufu ya kuungua. Alikuwa ameshaingiza gia ndogo tangu juu na egzosti breki inafanya kazi, hilo ndilo lililomwokoa. Alipofika chini Ruaha Mbuyuni tukakuta lainingi za breki zimelowa oili ya difu chapachapa. Nililia kwenye simu, siwafichi.

Mzee mmoja pale barabarani ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna gereji iliyouliza: briza, tundu la difu la kupumulia, iko wapi? Tukaikuta imezibwa na matope yaliyokauka na rangi juu yake. Alipoifungua, difu ikapumua kwa nguvu. Difu ikipata moto hewa inatanuka, isipopata pa kutokea inasukuma oili kwenye sili. Seti mbili za sili, lainingi mpya, siku nne za gari kulala, kwa ajili ya kitu unachokisafisha kwa brashi.

Na beringi mpya ile nayo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Walijaza difu tu wakafunga. Kwenye ekseli ambayo habu inapata oili kutoka kwenye difu, ukifunga sili mpya habu inakuwa kavu. Inabidi uinue upande mmoja kwa jeki, usubiri dakika moja oili itiririke, ushushe, uinue wa pili, halafu uongeze difu mpaka oili isawazike na mdomo wa tundu gari likiwa sehemu tambarare. Kuigusa kwa kidole huko ndani haitoshi, hiyo imepungua.

TingoMstaafu
Marahaba binti yangu. Pole sana. La briza nakubali.

Kasumulu88
Jamani na wale wanaoteremka na nyutro kuokoa dizeli tuwaseme hapa. Juzi nimemwona mmoja na tela limejaa.

FundiMakambako
Nyutro ni kuua watu, haina mjadala. Lakini tusimwache mwenye uzi. Mkuu, hakikisha daraja la oili lililoandikwa kwenye dumu ni GL-5 kwa difu zote. Na kinachobaki usikimimine kwenye gia boksi bila kusoma kitabu, maana dawa iliyomo kwenye GL-5 inaweza kula shaba ya sinkronaiza, zile pete zinazosaidia gia kuingia.

Kasumulu88
Mimi naweka GL-5 kwenye gia boksi mwaka wa pili, iko salama.

FundiMakambako
Siku gia ya tatu ikianza kulia utanitafuta.

MzigoKusini
Wakuu narudi. Leo Jumatatu tumemwaga Howo ikiwa bado na moto. Difu ya nyuma oili nyeusi lakini safi. Difu ya mbele, nati ya sumaku imetoka na unga laini pamoja na kipande kama punje ya mchele, kina kona. Oili sijaweka.

BintiWaMbozi
Unga laini ni wa kawaida. Kipande chenye kona ni jino au beringi. Usijaze, usiwashe.

FundiMakambako
Difu ya mbele ndiyo yenye mgawanyo wa kati, unaogawa nguvu kwa difu zote mbili. Dereva aliyepita huenda alikuwa anazungusha tairi za upande mmoja kwenye matope bila kufunga loki ya difu, au anafunga loki huku tairi zinazunguka. Toa propela na shafti za pembeni, toa kichwa cha difu uone.

MzigoKusini
Kimetolewa. Piniani, ile gia ndogo, ina jino moja limevunjika ncha, kraunwili, ile gia kubwa, inaonekana nzima. Fundi anasema anunue piniani peke yake.

FundiMakambako
Hapana. Kraunwili na piniani zinasagwa pamoja kiwandani, zinauzwa zikiwa pacha. Ukichanganya italia na haitamaliza mwezi.

TingoMstaafu
Mimi ningetafuta kichwa kizima cha mtumba, unafunga siku moja gari linaingia kazini.

BintiWaMbozi
Mtumba ambao hujui uliendeshwaje? Mimi ningenunua pacha mpya na beringi zake.

MzigoKusini
Kontena linapakiwa Alhamisi. Mwenye namba ya jino (uwiano wa meno ya kraunwili na piniani) kwa Howo 371 anisaidie, kwenye kibati cha ekseli maandishi yamefutika.

Kasumulu88
Hesabu meno ya kraunwili na ya piniani kwa mkono, andika hapa.